Pikipiki inazima ukiingiza gia? Usikubali swichi ya stendi iungwe dairekti

Mkuu, umesema pikipiki inawaka vizuri ikiwa nyutro, ukiingiza gia inazima japo stendi umeshaikunja, na fundi anataka kuunga waya za swichi ya stendi dairekti, yaani kuiruka swichi isifanye kazi tena. Ugonjwa kaupatia. Dawa yake ndiyo naipinga, na mimi ni fundi pia.

Hiyo swichi pale kwenye bolti ya stendi ya pembeni inakata moto stendi ikiwa chini na gia imeingia. Ukiondoka na stendi inaning'inia, barabara iliyonyooka huoni tofauti yoyote. Balaa ni kona ya kwanza ya kushoto: pikipiki inalala, ncha ya chuma inagonga lami, tairi la nyuma linanyanyuka, wewe na abiria mko chini. Pikipiki za namna hiyo zinaletwa gereji, utazijua kwa stendi iliyopinda na mkwaruzo mpya unaong'aa kwenye ncha.

Utasema wewe husahau. Saa tano usiku abiria anakuharakisha, utasahau tu. Taa ya stendi kwenye dashibodi haitoshi, maana nayo inakutaka uikumbuke kuitazama. Miaka ya 1970 Honda waliweka kipande cha mpira kwenye stendi. Kikigusa lami kinaisukuma irudi juu. Hakuna umeme, hakuna cha kukumbuka. BMW nao walikuwa na stendi inayojikunja yenyewe pikipiki ikinyanyuliwa. Wazo zuri, ila ukiitikisa kidogo imeegeshwa mteremkoni, chini! Kifaa cha usalama kikiwa kero, mwenye chombo atakitoa.

Na swichi yako ni kero kwa sababu wameiweka palepale matope ya tairi la mbele yanaporukia. Hapo namlaumu aliyeichora kabla ya fundi wako. Angalau ikichafuka inakata moto ukiingiza gia, haikuachi uende.

Kabla ya kununua nyingine, angalia springi. Ikilegea, stendi haifiki juu kabisa na swichi inadhani bado iko chini. Kisha fuata waya, mara nyingi hukatikia ndani pale unapokunjika. Vyote vikiwa sawa, safisha swichi kwa mswaki na sprei ya kontakti.

Fundi akimaliza, usilipe kwanza. Kaa juu, kamata breki ya mbele, stendi ikiwa chini washa kwenye nyutro, bana klachi, ingiza gia ya kwanza. Lazima izime. Isipozima, ujue kaunga dairekti. Mwambie afungue tena.