Usipandishe mapitio ya boksi uliloangalia diski moja. Yamenikuta

Mleta uzi, toa mikono kwenye kibodi. Hayo mapitio usiyapandishe leo.

Kwa waliochelewa kuingia: jamaa kajipatia boksi la DVD la Star Trek ya zamani, tamthilia ya safari za angani, ile ya nahodha Kirk na msaidizi wake Spock, misimu yote mitatu. Kaangalia diski ya kwanza, kafurahi, na usiku huu anataka kulimwagia nyota tano. Anauliza picha aielezeje, sauti aiseme vipi, nyongeza na maandishi ya chini ayape uzito gani, kama awaambie watu DVD inatosha au waende Blu-ray, diski zenye picha kali zaidi, na mgeni aanzie msimu upi. Maswali kayapanga vizuri, hata nyota kashazihesabu. Ila katikati ya maelezo yake kuna sentensi iliyofanya niache chakula mezani: "Nitataja pia kwamba unaweza kuchagua efekti za zamani au mpya, ingawa mimi bado sijajaribu."

Hujajaribu! Sasa umejuaje?

Mimi najua umejuaje, maana nami nilijua hivyohivyo. Umesoma kwenye ukurasa wa muuzaji. Na muuzaji kachukua maelezo ya Blu-ray kayabandika chini ya DVD, kwa sababu jina la tamthilia ni lilelile na yeye shida yake ni boksi litoke.

Ngoja niweke hili sawa kwanza. Tamthilia hii ilirushwa na NBC kuanzia Septemba 1966 hadi 1969, sehemu 79. Mwaka 2006 ikaanza kurudi hewani ikiwa imesafishwa upya, na efekti, yaani picha za chombo kikiwa angani, sayari na silaha, zikatengenezwa upya kwa kompyuta. DVD za misimu zilizotoka 2004 zina efekti za zamani tu. DVD zilizosafishwa, ambazo zilikuja baadaye, zina efekti mpya tu. Blu-ray za 2009 ndizo zenye zote mbili, na unahama kutoka hii kwenda ile katikati ya sehemu kwa kitufe cha pembe (kimeandikwa "Angle") kwenye rimoti. Kitufe hichohicho kipo pia kwenye rimoti za deki nyingi za DVD, na hapo ndipo nilipoingia mkenge.

(Kuna na kituko cha 2007. Msimu wa kwanza uliosafishwa ulianza kutoka kwenye diski zenye nyuso mbili, upande huu DVD, upande ule HD DVD. Februari 2008 HD DVD, aina ya diski iliyokuwa ikishindana na Blu-ray, ikazikwa. Aliyenunua ana diski nusu hai nusu marehemu. Huyo ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kumcheka kwenye habari hii, na hata yeye simcheki sana.)

Sasa kisa chenyewe. Nilikuwa nimeanza kujiona mhakiki. Wasomaji wangu hawakuzidi kumi na wawili, lakini mimi nilijisikia kama nahutubia uwanja mzima. Nikanunua DVD zilizosafishwa, misimu yote. Nikaweka diski ya kwanza, nikaangalia "The Man Trap", ile ya kiumbe kinachonyonya chumvi mwilini mwa watu, nikaongeza mbili zilizofuata. Picha kali, mashati yanawaka, nikasema tayari, hili boksi nimelijua. Nikaandika kurasa mbili. Nikasifia msimu wa pili uliokuwa bado ndani ya plastiki yake. Na aya ya nne, ambayo naikumbuka kuliko namba yangu ya simu, nikaandika kwamba wazee wetu wanaotaka kuiona kama ilivyokuwa zamani wabonyeze kitufe cha pembe tu, efekti za zamani zinarudi.

Hilo neno "tu" ndilo lililonifilisi.

Baada ya wiki kama mbili nikapata ujumbe kutoka kwa mzee mmoja. Kanunua misimu yote mitatu kwa kuniamini mimi. "Mwanangu, nimefuata maelezo yako. Nikibonyeza kile kitufe, linatokea duara lenye mstari kwenye kona ya skrini, kisha basi." Nikamjibu papo hapo: "Shikamoo mzee. Hiyo ni rimoti, jaribu nyingine." Boksi langu lilikuwa kwenye rafu, hatua nne kutoka nilipokaa. Sikuinuka.

Mzee akanunua rimoti. Duara lilelile.

Nikamwambia basi itakuwa deki, deki za zamani huwa hazisomi vizuri diski mpya. Hilo nililitoa wapi? Hewani. Nilishajenga ukuta wa uongo, nikawa naongeza tofali.

Mzee akanunua deki.

Aliponiandikia mara ya tatu hakuwa amekasirika, na hicho ndicho kilichonimaliza. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, wewe kwako kinafanya kazi?" Nilikaa nikiutazama ule ujumbe kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Ndipo nikaenda kuchana plastiki ya msimu wa pili, kwa mara ya kwanza, mwezi mzima baada ya kuusifia mbele ya umma.

Mzee alikuwa anaitafuta "The Doomsday Machine" ya 1967. Mnaoijua mnajua kwa nini. Kuna limashine linalokula sayari, na mwandishi wa sehemu hiyo, Norman Spinrad, amesimulia kwamba aliliona kama mfuko wa kupimia upepo uliochovywa kwenye saruji. Kuna meli ya angani iliyoharibika, Constellation, ambayo ilikuwa modeli ya plastiki ya kampuni ya AMT, ya aina ile ya kujiunganishia mwenyewe nyumbani, wakaijeruhi. Namba yake ni NCC-1017. Unajua kwa nini? Kwa sababu stika za modeli hiyo zilikuwa za Enterprise, meli ya Kirk, namba 1701, wakazipanga upya. Umasikini mtupu wa bajeti, na ni sehemu nzuri kuliko zote. Mzee hakutaka limashine linalong'aa la kompyuta. Alitaka lile la saruji.

Nikaweka diski. Nikasubiri hadi mdomo wa ile mashine ujae skrini. Pale nikaona kila kitu kimenyooka, kina vivuli vizuri, kimetoka kwenye kompyuta waziwazi. Nikabonyeza kitufe cha pembe.

Duara. Mstari. Kona ya skrini.

Nikabonyeza tena, eti labda sikubonyeza vizuri. Nikaenda kwenye menyu kuu, nikapekua kila ukurasa, lugha, nyongeza, mipangilio. Nikageuza kava nikasoma herufi zile ndogo za mgongoni, ambazo zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na neno hata moja la efekti za zamani. Boksi halikunidanganya hata kidogo, nilijidanganya kwa niaba yake.

Nani kanidanganya basi? Wapo wawili, na povu langu lote ni lao. Wa kwanza ni yule muuzaji wa mtandaoni aliyebandika maelezo ya bidhaa moja kwenye bidhaa nyingine, na nilipomwandikia akanijibu kwamba "maelezo ni ya mwongozo". Mwongozo wa kwenda wapi? Wa pili ananiuma zaidi. Ni mhakiki mkongwe wa DVD, mtu niliyemsoma miaka, ambaye aliandika jambo lilelile kwa kujiamini kulekule. Baadaye nikalinganisha maandishi yake na yale ya muuzaji. Koma zilikuwa pale pale. Hakuwa na boksi kabisa! Alikuwa amenakili, mimi nikamnakili yeye, mzee akaninakili mimi kwa pesa zake halisi. Na wewe mleta uzi sasa uko kwenye foleni, unasubiri kupokea kijiti.

Hesabu iliishaje? Rimoti na deki vilibaki kwa mzee, nilitaka kumlipa akakataa. Nikatafuta DVD za 2004 zenye efekti za zamani, nikamtumia. Safari hiyo nilikagua namba ya ukanda mgongoni, ile inayosema diski inachezeka nchi zipi, mara tatu, maana zipo nyingi za ukanda 1, za Marekani na Kanada, na ningemtumia mzee diski inayokataliwa na deki aliyoinunua kwa sababu yangu, ningehama sayari. Kisha nikajinunulia Blu-ray, kwa sababu nilishakula kiapo kwamba nitakibonyeza kile kitufe hadi kifanye kazi. Kwa hiyo tamthilia moja nimeilipia mara tatu. Kirk mwenyewe hakulipwa na mimi mara tatu.

Kwa hiyo mkuu, sheria yangu ni hii na sina nyingine: jambo ambalo hujaliona kwenye skrini yako, kutoka kwenye diski yako, haliingii kwenye mapitio yako. Diski zote ziingie mashineni. Kila kitufe unachokitaja ukibonyeze. Kama hujafika msimu wa tatu, andika "sijafika msimu wa tatu". Hakuna atakayekufa. (Ukiufikia utajua kwa nini wengine hawakutaka kufika. "Spock's Brain" ndiyo inayoufungua, nakuacha na hilo.)

Na usidhani ni efekti tu. Chukua hiyo picha unayotaka kuisifia. Kwenye efekti za zamani, chombo kilipigwa picha peke yake, nyota peke yake, sayari peke yake, kisha vikaunganishwa juu ya filamu nyingine, na kila muunganiko uliongeza chenga na vumbi. Ndiyo maana kwenye toleo la zamani uso wa Spock unaweza kuwa safi kama kioo, halafu wanakata kwenda nje ya meli, chenga tupu. Mhakiki wa diski moja ataandika "picha ina kasoro". Siyo kasoro ya diski, filamu yenyewe ilizaliwa hivyo. Utalijua hilo ukiangalia sehemu nyingi, uone chenga zinakuja palepale kila chombo kinapotokea na kuondoka wanapobaki watu. Jaribu na "Balance of Terror" ya msimu wa kwanza, meli mbili zinawindana karibu sehemu nzima. Kwenye Blu-ray nilikuwa nabadilisha pembe kila mara kama mtoto mwenye swichi ya taa.

Tena kuna ushahidi mkubwa kuliko mimi. Star Trek: The Next Generation, tamthilia iliyofuata baada ya hii, ilipotoka kwa Blu-ray mwaka 2012, msimu wa kwanza, baadhi ya sehemu sauti za spika za mbele zilikuwa zimepelekwa kwenye spika zisizo zake, ikabidi diski mbadala zitolewe. Baadhi ya sehemu, siyo zote! Aliyeangalia sehemu moja nzuri akaandika "sauti safi, nyota tano" hakusema uongo, alisema tu habari za sehemu moja.

Haya, ulikuwa umeuliza sauti. Sauti ipo. Wimbo wa mwanzo wa Alexander Courage umepigwa upya kwenye toleo lililosafishwa, wengine wanasikia tofauti, wengine hawasikii. Kwenye Blu-ray ukitaka mono ya zamani, sauti ya njia moja, unaipata. Maandishi ya chini sijawahi kuyawasha. Nyongeza... nilikuwa na maoni kuhusu nyongeza, yamenitoka kichwani nilipokuwa nagombana na muuzaji hapo juu. Nakumbuka moja: Blu-ray ya msimu wa tatu ina "Where No Man Has Gone Before" katika toleo ambalo halikuwahi kurushwa, na hiyo peke yake ilinikalisha hadi usiku wa manane. Msimu wa kuanzia mgeni? Waulize wadau wengine, mimi nikianza hapo hatulali.

Cha kufanya sasa hivi: nenda kwenye hilo boksi, geuza kava, utuandikie hapa maneno ya mgongoni kama yalivyo, na mwaka uliopigwa chini kabisa. Kisha weka diski yenye "The Doomsday Machine", subiri mdomo wa ile mashine ufunguke, bonyeza kitufe cha pembe, utuambie kwenye kona ya skrini unaona nini. Nipo macho.