Kwenye programu za objekti, anzia kwenye memori

Wanafunzi wengi wa uhandisi wa kompyuta hufika kwenye somo la programu za objekti, yaani programu zinazojengwa kwa vitu vyenye taarifa na kazi zake, wakiwa wameshapita C, saketi za kidijitali na pengine asembli kidogo. Mhadhara wa kwanza unawaletea mfano wa Mbwa anayemrithi Mnyama, yaani aina inayochukua tabia za aina nyingine; wa pili unamleta Paka, na kila walichojua kuhusu mashine kinawekwa kando. Nimelisoma somo hili, na baadaye nimekaa maabara na wanaolisoma. Ushauri wangu ni uleule: anzia kwenye memori. Mbwa atasubiri.

Andika klasi ndogo ya C++, yaani kiolezo cha kutengenezea objekti, uiite Kihisi, ndani yake iwe na namba moja tu ya aina ya `int`, ya joto. Chapisha `sizeof` yake, yaani ukubwa wake kwa baiti. Kwenye mashine nyingi za leo utapata 4. Iongezee methodi (funksheni za klasi) kumi za kawaida, uchapishe tena. Bado 4! Maana yake methodi hazikai ndani ya objekti. Zimeandikwa mara moja tu kwenye programu, na kila unapoita mojawapo, kompaila, programu inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine, inaipa kimyakimya anwani ya objekti inayohusika. Hiyo anwani ndiyo `this`. Aliyezoea C anaijua kazi hiyo tangu zamani: ni funksheni inayopokea pointa (anwani ya memori) ya struct, yaani fungu la taarifa.

Sasa weka `virtual`, neno linaloruhusu klasi mtoto (inayorithi) kuwa na toleo lake, mbele ya methodi moja. Kwenye kompaila za kawaida za biti 64, ile 4 inaruka hadi 16: baiti 8 ni za pointa inayoelekea kwenye jedwali la methodi, 4 ni za namba yako, na 4 zimeachwa tupu ili mpangilio wa memori ukae sawa. Kwa pointa hiyo, programu inayoendelea kufanya kazi huamua iite methodi ya klasi mama au ya klasi mtoto. Vitabu vina jina refu la kutisha kwa jambo hili. Wewe fuata pointa, soma jedwali, ruka.

Kisha utazame mstari huu: `Kihisi b = a;`

Katika Java, mstari huo hauzalishi Kihisi kipya. Majina ni mawili, objekti ni moja, na ukibadilisha joto kupitia `b`, `a` nayo itaonyesha joto jipya. Katika C++, kama `a` ni objekti yenyewe na si pointa, mstari uleule unatengeneza nakala, na `a` haiguswi. Kwa hiyo anayesoma Java asubuhi na C++ mchana ana haki ya kuchanganyikiwa, ila dawa yake ni kalamu na karatasi. Chora sanduku kwa kila objekti na mshale kwa kila rejeo, yaani jina linaloelekeza kwenye objekti. Hata kwenye mtihani, lile swali la "programu hii itachapisha nini" hujibika kwa masanduku na mishale pembeni ya karatasi, na mchoro huohuo unaeleza kwa nini `==` ya Java inaweza kukataa kwamba maandishi mawili yanayofanana herufi kwa herufi ni sawa: inalinganisha mishale. Yaliyomo hulinganishwa na `equals`.

Kuhusu `private`, neno linalozuia msimbo wa nje ya klasi kugusa taarifa zake, usidhani ni kufuli ya usalama. Katika C++ kompaila ndiyo inayokagua, na baada ya hapo baiti ni baiti. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba thamani inabadilishwa mahali pamoja panapojua masharti yake. Kuficha kila kitu halafu kukiandikia kila kimoja `get` na `set`, methodi za kukisoma na kukibadilisha, ni kujichosha bure, ingawa kuna walimu wanaotoa alama kwa hilo. Chukua alama zako uendelee.

Urithi uache mwisho. Mraba ni mstatili, hesabu inasema hivyo, lakini klasi ya Mraba ikimrithi Mstatili mwenye methodi ya kubadilisha upana peke yake, mambo yanaharibika: upana unabadilika, urefu unabaki, na si mraba tena. Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alilizungumzia suala hili mwaka 1987: mtoto lazima aweze kukaa mahali pa mzazi bila programu kuvurugika.

Historia nayo inasaidia. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliotengeneza lugha ya programu ya Simula kule Norway walitaka kuiga mifumo halisi ndani ya kompyuta, vitu vingi vikienda kwa pamoja, kila kimoja na hali yake. Bjarne Stroustrup aliitumia Simula alipokuwa Cambridge, na mwaka 1979 akaanza kazi iliyozaa C++. Ndiyo maana kwa mradi wa muhula napendekeza uige kitu chenye hali inayobadilika, kwa mfano lifti: mlango, mota, foleni ya wanaosubiri. Kabla ya klasi ya kwanza, amua nani anamiliki taarifa ipi. Ukikuta namba ya ghorofa imehifadhiwa kwenye lifti na pia kwenye kidhibiti, futa moja papo hapo, maana siku moja zitatofautiana na mlango utafunguka katikati ya ghorofa.