Makro za kusafishia michoro ya mistari: ushauri kwa wanaoanza

Kijana anayeanza kazi katika karakana za vibao na stika hapa Dodoma hupokea michoro mingi ambayo hakuichora yeye: ramani za nyumba kutoka kwa wasanifu, ramani za viwanja, nembo za ofisi zilizohamia Mtumba, mji wa Serikali. Nyingi huja kama faili za PDF au DXF (aina ya faili ya michoro ya kiufundi), na zikiingizwa kwenye programu ya kuchorea ya CorelDRAW huonekana safi, ilhali kwa ndani mstari mmoja wa ukuta ni vipande kadhaa visivyoshikana, na mistari mingine imelaliana miwili miwili mahali pamoja. Kwenye karatasi kasoro hiyo haionekani, lakini mashine ya leza huupita mstari uleule mara mbili na kuunguza kingo za akriliki.

Usafishaji huo hujirudia katika kila faili, na ndiyo maana unafaa kukabidhiwa makro, yaani mfululizo wa amri ambazo programu huzitekeleza yenyewe. Hata hivyo, usiharakie kitufe cha kurekodi. Kinasa cha CorelDRAW huvitaja vitu kwa nafasi yake katika leya (tabaka la mchoro), yaani Shapes(1), Shapes(2) na kuendelea, kuanzia kilicho juu kabisa. Kwa hiyo makro iliyorekodiwa kwenye ramani ya mteja mmoja, ikiendeshwa kwenye ya mwingine, inaweza kufuta mlango badala ya fremu. Rekodi ili uone amri zinavyoandikwa, kisha fungua kihariri cha makro kwa Alt na F11 na uibadilishe sehemu ya kuchagua, ili vitu vitafutwe kwa sifa zake: unene wa mstari, rangi, au leya. Mimi huiamini zaidi rangi, kwa sababu wachoraji wanaotumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, wamezoea kutenganisha kuta, vipimo na samani kwa rangi, na rangi hizo mara nyingi hubaki hata pale majina ya leya yanapopotea njiani.

VBA, lugha ya kuandikia makro za CorelDRAW, huhesabu kwa inchi isipoambiwa vinginevyo. Mwanzoni mwa kila makro, weka kipimo kuwa milimita, la sivyo unene wa 0.2 ulioukusudia utakuwa zaidi ya milimita 5. Zungushia pia kazi yote kwa BeginCommandGroup na EndCommandGroup, ili Ctrl na Z moja iirudishe nyuma kwa mkupuo. Ukiwasha Optimization ili makro iende kasi, hakikisha inazimwa hata kosa likitokea katikati, kwani isipozimwa skrini haichorwi upya na utadhani programu imeganda.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kuunganisha ncha. Amri ya kuunganisha huuliza umbali ambao ndani yake ncha mbili zihesabiwe kuwa moja, na anayeanza hushawishika kuweka namba kubwa ili kila pengo lizibike. Chukua ramani ya nyumba ya kipimo cha 1:100 yenye ukuta wa tofali la inchi 6: unene wake wa takriban milimita 150 unakuwa milimita 1.5 kwenye karatasi. Ukiweka umbali wa milimita 2, makro itaushika upande wa nje wa ukuta na kuuunganisha na wa ndani penye kila mlango, nawe utapata visanduku vilivyozibwa mahali palipopaswa kuwa wazi. Anza na milimita 0.1, endesha, kisha tazama kwa mwonekano wa mistari mitupu ni mapengo gani yamebaki. Machache yaliyobaki yaunganishe kwa mkono, maana mengine mchoraji aliyaacha makusudi.

Maandishi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa mistari usiyahangaikie kwa makro. Muulize mteja jina la fonti, uyachape upya, na vipande vya zamani uvifute.