Asili ya neno "bug" na faida ya daftari la hitilafu

Programu ya kompyuta inapotoa majibu yasiyo sahihi au inapogoma, mafundi husema ina "bug", neno la Kiingereza ambalo maana yake ya kawaida ni mdudu. Wengi tumefundishwa kwamba matumizi hayo yalianza tarehe 9 Septemba 1947, wakati mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipomkuta mdudu aina ya nondo amenasa ndani ya mtambo. Kisa ni cha kweli, lakini neno ni la zamani zaidi: mvumbuzi wa Marekani Thomas Edison alilitumia katika barua yake ya mwaka 1878, akieleza kwamba ndivyo zinavyoitwa kasoro ndogondogo zinazojitokeza katika uvumbuzi, ambazo huhitaji miezi ya kuangalia, kuchunguza na kufanya kazi. Mafundi wa Harvard nao walilijua, ndiyo maana waliandika kuwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana.

Kinachonivutia zaidi ni daftari lao, ambalo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Walimbandika nondo yule kwenye ukurasa kwa utepe, wakaandika saa, yaani tisa na dakika 45 alasiri, na mahali alipopatikana: relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) namba 70, paneli F. Kuandika hivyo saa na mahali pa kila hitilafu ndio ushauri wangu kwa kila anayetunza mfumo wowote.

Katika ofisi moja niliyowahi kuihudumia, baadhi ya malipo yaliyofanywa kwa simu yalikuwa yakionekana kwenye tarehe ya jana, na lawama zikawaangukia wahasibu. Tulipoanza kuandika saa kamili ya kila malipo yenye utata, ilidhihirika kuwa yote yalifanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku, kwa sababu seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, ilifuata saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Marekebisho yenyewe yalikuwa mepesi mno.

Kwa hiyo, usimwambie fundi kwamba mfumo "unasumbua" tu. Mwandikie saa, ulichobonyeza, ulichotarajia na kilichotokea, kisha ambatisha picha ya kioo cha mashine (skrini) kabla hujazima mashine, kwani kuizima mara nyingi hufuta ushahidi wenyewe.