Vijana wa Amu mnaotaka kuingia miradi huria ya lugha, hebu anzieni hapa

Naona wengi hapa Amu mkimaliza kozi ya Python mwataka kuchangia ile miradi huria, yaani iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuiboresha, ya kufundisha kompyuta lugha, na karibu wote mwakimbilia modeli kubwa kubwa, zile programu zinazojifunza lugha kutoka kwa maandishi mengi, wakati laptopu yenyewe yahema na stima ndo hiyo mwaijua wenyewe. Modeli waachieni wenye mashine. Nyinyi mna jicho la Kiswahili, na wasimamizi wengi wa hiyo miradi hawana.

Chukua herufi ng'. Programu kabla ya kufanya lolote huikata sentensi iwe maneno, na njia rahisi ya kukata hutambua herufi na tarakimu basi, kwa hivyo "abiria wamevuka ng'ambo ya Manda" inatoka "ng" kivyake na "ambo" kivyake, hapo tena kompyuta haijui mtu kavuka wapi. Halafu simu nyingi zinageuza kile kialama kilichonyooka kiwe kilichopinda, kwa macho yetu ni kitu kimoja ila kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, ng'ombe wa kwenye simu na ng'ombe wa kwenye laptopu wanakuwa wanyama wawili! Asiyejua Kiswahili hilo halioni hata akeshe. Sasa wewe ukiliona usiandike tu ati programu yenu mbovu, weka sentensi uliyoingiza, kilichotoka, ulichotarajia, na toleo la programu. Ukiweza ongeza jaribio dogo lenye alama zote mbili, ili mtu akija kubadilisha kitu baadaye akaliharibu tena ijulikane papo hapo. Kwangu mimi ripoti kama hiyo yashinda programu ndefu ambayo hakuna aliyeiomba.

Kwenye data pia kuna kazi. MasakhaNER, mkusanyo wa data wa Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Afrika, ulipotoka 2021 ulikuwa na lugha 10 za Afrika, Kiswahili kimo na Kijaluo kimo, na humo watu walikaa wakaweka alama kwenye matini, huyu mtu, hii taasisi, hapa mahali, hii tarehe. Yaonekana kazi ya mtoto mpaka ukutane na "Bandari ya Lamu imetangaza", haya, mahali au taasisi? Usijiamulie. Soma mwongozo wa mradi, usipopata jibu uliza, maana wawili mkiweka alama kila mtu na lake basi modeli itajifunza huo mvutano wenu.

Na jamani leseni. Common Voice ya Mozilla, ile ya kurekodi sauti, sentensi zake zinatolewa kwa CC0, yaani yeyote azitumie atakavyo, kwa hivyo usichukue habari za gazeti wala shairi la mtu ukazimwaga huko hata kama ni la mjomba wako. Tunga zako, za soko, za mashua, za punda, zipo tele.

Git, ile programu ya kutunza mabadiliko ya faili, jifunze kidogo tu, kuchukua nakala, kufungua tawi lako la kufanyia kazi pembeni, kutuma. Badiliko moja kwa ombi moja la kuingiza kazi yako kwenye mradi, na usipange upya faili zima ukiwa umerekebisha mstari mmoja, anayekagua atachoka afunge. Wengi wanajitolea wakitoka kazini, wakikawia kujibu ngoja wiki hivi kisha kumbusha kwa adabu. Ila kabla hujatuma chochote angalia badiliko la mwisho lilikubaliwa lini, kama ni miaka mingi nyuma tafuta mradi mwengine.