Re: Bastola inapiga chini kushoto, saiti haisaidii

Salaam ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: bastola ya upepo ya kulenga shabaha mita 10, unatumia mkono wa kulia, risasi zinaangukia chini kushoto, na kila ukizungusha skrubu za saiti ya nyuma (saiti ni kile kifaa cha kulengea juu ya bastola) mambo yanazidi kuvurugika.

Weka bisibisi chini kwanza. Hakikisha bastola ni tupu, kisha shika saiti uitikise kwa vidole. Ikicheza, kaza skrubu inayoishikilia. Chumvi ya Pwani huku haichagui chuma. Halafu piga tano bila kugusa kitu. Matundu yakitawanyika, shida si saiti. Kwa mtu wa mkono wa kulia, chini kushoto mara nyingi ni kuvuta triga kwa pupa, na hapo hakuna skrubu ya kukusaidia.

Yakikusanyika pamoja, sasa rekebisha. Saiti ya nyuma huifuata risasi: unataka ipande kulia, ipandishe na uisogeze kulia. Ya mbele ndiyo huenda kinyume. Jihadhari na herufi zilizo kwenye skrubu: kwenye baadhi ya bastola za Kijerumani, H maana yake "ikiwa inapiga juu, zungusha huku", kwa hiyo soma kijitabu chake.

Zungusha skrubu kliki chache (ile milio midogo ya "klik"), piga tano tena, pima kwa rula kundi limehama kiasi gani. Duara la kumi la shabaha lina kipenyo cha milimita 11.5 tu, usiende kwa kukisia.

Na ukiwa nje, usirekebishe jua la alasiri likiangaza saiti upande mmoja. Asubuhi utaanza upya.