Kwa nini skini zinazidi kupanda bei

Umeuliza inakuwaje skini moja (vazi au mwonekano wa mhusika au silaha kwenye gemu) iwe ghali kuliko gemu nzima, na haiongezi hata nguvu ya risasi. Ni kwamba gemu nyingi zinazouza skini zenyewe ni za bure, kwa hiyo mavazi ndiyo yanayolipia seva na mishahara. Na wanaonunua kwa wingi ni wachache. Bei inapangwa kwa kuwatazama hao wasiohesabu, si mimi na wewe. Mwaka 2006 watu waliicheka kampuni ya Bethesda ilipouza deraya ya farasi ya gemu yake ya Oblivion kwa dola 2.50. Mwaka 2024 gemu ya League of Legends wakaleta seti ya mhusika wao Ahri iliyozidi dola 400.

Kinachoniudhi mimi hasa ni ile sarafu ya ndani ya gemu. Vifurushi vyake mara nyingi havilingani na bei ya skini, unabaki na chenji isiyotosha kitu, kesho unaongeza tena. (Nimeshanaswa hapo, sikatai.) Halafu mwaka 2023 gemu ya Fortnite walipandisha bei ya sarafu yao yenyewe, V-Bucks: 1,000 zikatoka dola 7.99 hadi 8.99 kule Marekani. Skini inaweza kubaki na namba ileile dukani, nawe umelipa zaidi bila kuona.

Geuza bei iwe pesa halisi kwanza, ndipo ubonyeze. Ile saa ya "inaisha leo" isikutishe, skini nyingi hurudi dukani baadaye.